Shule ndogo, klabu nyingi: ujiunge na ipi?

Shule yenye wanafunzi 1,000 ina shida ya nafasi. Wanaotaka kuigiza ni wengi, wahusika wa tamthilia ni wachache, na waliobaki wanaishia kukaa vitini kutazama. Katika shule yenye wanafunzi 150 mambo yamepinduka: nafasi ziko tele, watu ndio hawatoshi. Unakwenda kwenye mdahalo kusikiliza tu, unatoka ukiwa katibu. Kabla hujazoea, kwaya nayo inakufuata kwa kuwa imebakiwa na mtu mmoja wa besi.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1964 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roger Barker na Paul Gump, walichapisha utafiti kuhusu shule za sekondari za jimbo la Kansas, kuanzia yenye wanafunzi 35 hadi yenye zaidi ya 2,000. Shule kubwa zilikuwa na shughuli nyingi zaidi na za aina nyingi zaidi. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichovutia ni kwamba mwanafunzi wa shule ndogo ndiye aliyeshika majukumu: alicheza wakati mwenzake wa shule kubwa akishangilia, alipanga wakati mwenzake akihudhuria. Hata wale waliokuwa wa pembeni kimasomo walijiona wanahitajika. Ni neema hiyo, na ni mzigo pia, maana anayehitajika kila mahali hana jioni yake.

Ndiyo maana hapa sikuzipanga klabu kwa sifa zake. Ninacholinganisha ni hiki: klabu inataka watu wangapi ili iwe hai kweli, achilia mbali kuwa hai kwenye orodha ya ubaoni; inakula muda wako lini; mwalimu mlezi akihama kinabaki nini; na wewe unatoka na nini mkononi. Swali la kwanza ndilo zito. Klabu inayohitaji watu 20, katika shule ambayo wenye moyo wa kujitolea ni walewale 30, itagombania watu kila wiki, na wa kugombaniwa utakuwa wewe.

Mdahalo au Umoja wa Mataifa wa kuigiza

Klabu hizi mbili huchanganywa kwa sababu zote ni za kusema mbele ya watu. Kazi zake hazifanani.

Katika mtindo unaotumika kwenye mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, kuna pande mbili na kila upande una wasemaji watatu. Kila hotuba ni dakika 8, kisha kila upande unafunga kwa hotuba ya dakika 4. Dakika ya kwanza ikishapita, na kabla ya ya nane kuanza, mpinzani anaruhusiwa kusimama na kuomba nafasi ya kuuliza. Msemaji ana hiari ya kumkubalia au kumkatalia. Sasa hesabu watu: wasemaji 6, mwamuzi mmoja, mshika saa mmoja. Wanafunzi 8 wanafanya mdahalo kamili ndani ya darasa tupu. Wakija 4 tu, mazoezi hayavunjiki, wanapambana wawili kwa wawili. Klabu chache hudai kidogo namna hii.

Mkipanga kushindana nje, ulizeni mapema mtindo utakaotumika. Mtindo wa Bunge la Uingereza, ambao ndio umeenea katika midahalo ya vyuo vikuu, unaweka timu nne za watu wawili wawili kwenye mdahalo mmoja. Kila msemaji ana dakika 7, na mada inatangazwa dakika 15 kabla ya kuanza. Mtindo huu unaipendelea shule ndogo bila kukusudia: watu wawili wanatosha kuiwakilisha shule, na ukumbini hakuna anayejua kama nyuma yao kuna wanafunzi 90 au 3,000.

Umoja wa Mataifa wa kuigiza unataka subira ya aina nyingine. Unapewa nchi, pengine nchi ambayo msimamo wake unaukera moyo wako, na kazi yako ni kuutetea msimamo huo kwa uaminifu, kutafuta washirika, na kuandika rasimu ya azimio ambayo wengine wataikubali. Tatizo la shule ndogo huanzia kwenye kuchagua kikao. Baraza Kuu lina nchi wanachama 193; ukiliigiza kwa wanafunzi 18, nchi nyingi zinazohusika na mgogoro hazipo ukumbini na mjadala unaelea. Igizeni Baraza la Usalama. Lina wajumbe 15, watano wakiwa wa kudumu wenye kura ya turufu: China, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi. Azimio linapita likipata kura 9, mradi hakuna hata mmoja kati ya hao watano aliyelipinga. Mko 15? Kikao kimetimia, tena kwa idadi halisi, na kila mmoja ana kura ambayo mwenzake anaihitaji. Mwanafunzi aliyepewa nchi isiyo ya kudumu hugundua haraka kwamba kura yake ya tisa inaweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko alivyodhani.

Tofauti ya muda nayo ni ya kuzingatia. Mdahalo unachukua saa moja au mbili za kila wiki, mwaka mzima, bila msimu mkali. Umoja wa Mataifa wa kuigiza unalala miezi kadhaa, halafu wiki mbili kabla ya kongamano unakumeza mzima kwa usomaji na uandishi. Makongamano mengi pia hutoza ada ya ushiriki, ukiacha nauli na malazi, kwa hiyo familia inayobana matumizi ijue mapema.

Kwa mwenye haya watu wengi hushauri mdahalo, eti utamtoa aibu. Mimi ningempeleka kwenye Baraza la Usalama kwanza. Pale hotuba ya ufunguzi inaweza kusomwa kwenye karatasi, na kazi kubwa inafanyika pembeni, watu wawili watatu wakinong'onezana juu ya kifungu cha nne. Akishazoea sauti yake mwenyewe, mdahalo hautamtisha. Anayependa kushinda, na kujua leo hii kama ameshinda, aende mdahalo moja kwa moja.

Kwaya na maigizo

Nyimbo nyingi za kwaya zimeandikwa kwa sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Kwenye karatasi watu wanne wanatosha. Kwa vitendo, kila sauti inataka watatu, na sababu yake ni pumzi. Waimbaji watatu wa sauti moja hupokezana: mmoja akivuta pumzi, wawili wanaendelea, na msikilizaji hasikii ufa. Ukiwa peke yako kwenye sauti yako, kila unapopumua wimbo unatoboka. Basi kwaya ya sauti nne inaanzia kwa watu 12, na katika shule ndogo upungufu huwa uleule kila mwaka: sauti za kiume, yaani tena na besi. Wavulana wa umri huo sauti zinabadilika, leo anaimba juu, muhula ujao koo halimtii. Mwalimu mwenye busara hang'ang'anii wimbo wa sauti nne. Anachagua wa sauti tatu, au hata mbili, na kwaya ya watu 8 inapendeza kuliko ya 12 iliyolazimishwa.

Maigizo yanaweza kuishi na watu wachache zaidi. Wagiriki wa kale walikuwa na kipindi ambacho tamthilia nzima iliigizwa na waigizaji watatu waliobadilisha vinyago, pamoja na kundi la waimbaji. Watu watano wenye bidii wanaweza kubeba onyesho la nusu saa: mmoja anacheza wahusika wawili, na asiye jukwaani anashika taa au anakaa kando na maandishi kumkumbusha aliyesahau. Kinachowatesa ni utoro. Kwaya ya watu 14 mmoja akiugua, 13 wanaimba. Onyesho la watu watano mmoja akiugua, hakuna onyesho. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye hana uhakika wa kubaki shuleni jioni, kwa sababu ya kazi za nyumbani au umbali, atawatendea wenzake haki akichagua kwaya. Kwenye maigizo atakuwa anawavunja bila kupenda.

Ila kwaya ina udhaifu ambao maigizo hayana. Inamtegemea mlezi mno. Mwalimu anayejua kusoma noti, kupanga sauti na kupiga kinanda akihama, kumpata wa kumrithi si rahisi. Kwaya nyingi za shule huzimika na likizo ya kuhama kwake. Wanafunzi wanaweza kujiongoza wenyewe kwenye maigizo, mmoja akawa mwelekezaji, na matokeo yakawa mazuri au mabaya lakini yakawepo. Ukiiona kwaya inayosimamiwa vizuri, ingia sasa. Maigizo yatakusubiri.

Michezo

Huku hesabu haibishaniwi, kwa sababu sheria za mchezo zenyewe zimeweka mpaka.

| Mchezo | Wachezaji uwanjani kila upande | Wakipungua inakuwaje |
|---|---|---|
| Mpira wa miguu | 11 | Chini ya 7, mechi haianzi wala haiendelei |
| Mpira wa pete | 7 | Lazima wawepo angalau 5, mmoja wao akiwa senta |
| Mpira wa wavu | 6 | Timu isiyotimiza 6 inahesabiwa imeshindwa |
| Mpira wa kikapu | 5 | Mechi haianzi bila 5. Wakibaki chini ya 2 wameshindwa |

Idadi ya uwanjani haimalizi habari. Mazoezi yenye maana yanataka timu mbili zinazokabiliana, na hapo mpira wa miguu unadai wachezaji 22 wa umri unaokaribiana. Shule ya wanafunzi 150 yenye wavulana nusu ina wavulana 75 wa miaka 13 hadi 18, na humo mna watoto na mna vijana waliokwisha kuota ndevu. Matokeo yake timu inambeba kila mwenye miguu miwili, hata asiyeupenda mpira, na klabu nyingine zote zinakosa watu siku ya mechi. Silaumu, mpira ndio unaoikusanya shule nzima uwanjani. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa shule ndogo anayejiunga na timu ya mpira wa miguu ajue jioni zake zimekwenda.

Mpira wa kikapu ndio rafiki wa shule ndogo, hasa ule wa watatu kwa watatu unaochezwa kwenye goli moja. Timu ina watu wanne, mmoja akiwa wa akiba. Mechi ni dakika 10, au inakwisha timu ikifikisha pointi 21. Uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Tokyo, michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, kwa hiyo asiwepo wa kuwaambia mnacheza mchezo wa kujifurahisha. Wanafunzi wanane na goli moja wanafanya ligi.

Kama wewe ni hodari na wenzako hawajafika kiwango chako, timu itakuchosha roho. Riadha haikuulizi wenzako wako wapi mpaka ifike zamu ya mbio za kupokezana vijiti, ambazo zinataka wanne. Saa ya mkononi ndiyo mshindani wako. Na sataranji, ambayo sioni sababu ya kuinyima jina la mchezo, inataka watu wawili na ubao. Ndiyo klabu pekee ninayoweza kusema haifi: mlezi akihama, wachezaji hawajui kama ameondoka. Shida yake inakuja baadaye, pale mchezaji bora wa shule anapokosa wa kumfunga. Hapo atoke nje ya shule, kwenye mashindano au kwenye tovuti kama Lichess, ambayo ni ya bure, akutane na watakaomnyoosha.

Gazeti la shule

Ningelazimishwa kuchagua klabu moja tu kwa shule ndogo, ningechagua gazeti, na najua wengi watanipinga.

Linataka watu wanne: mhariri, waandishi wawili, na mmoja wa picha na kupanga kurasa. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4 ndogo, kwa hiyo gazeti la kukunja hukua kwa kurasa nne nne: 4, 8, 12. Wanaoanza hupenda kutangaza kurasa 12. Toeni 4, kila mwezi, tarehe ileile. Gazeti la kurasa 4 linalotoka kwa wakati lina wasomaji. La kurasa 12 linalotoka muhula ukiwa umekwisha linakuta habari zake zimeshasemwa bwenini. Ikiwa hakuna mashine ya kuchapa, gazeti la ukutani linafanya kazi ileile, na lina sifa moja zaidi: unawaona wasomaji wako wamesimama mbele yake, na unaona wanapoacha kusoma.

Faida yake kubwa ni kwamba linakupa ruhusa ya kuuliza. Mwanafunzi anayemwendea mpishi mkuu, au mwalimu wa hisabati, au mwanafunzi aliyehamia jana, akiwa na daftari na maswali aliyoyaandaa, anajifunza jambo ambalo halimo kwenye klabu nyingine yoyote katika orodha hii: kunyamaza na kusikiliza, kisha kuandika alichoambiwa na siyo alichotaka kuambiwa. Na mkononi unabaki na kitu. Hotuba ya mdahalo hupotea hewani, nakala ya gazeti inabaki.

Ugumu wake katika shule ndogo ni wa pekee. Kila mtu anamjua kila mtu. Ukiandika "mwanafunzi mmoja wa darasa la juu", shule nzima imeshajua ni nani kabla ya kufika mwisho wa sentensi. Si jambo dogo. Kesi ya Hazelwood, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1988, ilitokana na mwalimu mkuu kuziondoa kurasa za gazeti la shule zilizozungumzia mimba za wanafunzi na talaka za wazazi. Moja ya hofu zake ilikuwa kwamba wasichana waliozungumza, ingawa majina yao hayakutajwa, wangeweza kutambulika. Mahakama ilimpa haki: uongozi wa shule unaweza kuzuia yaliyomo kwenye gazeti linalotolewa na shule ukiwa na sababu ya kielimu. Sheria za nchi zinatofautiana, lakini swali liko kila mahali. Ukitaka kujiunga, uliza siku ya kwanza: nani analisoma gazeti kabla halijachapwa, na amewahi kufuta nini? Jibu litakuambia kama unaingia chumba cha habari au ofisi ya matangazo ya shule.

Mtu mwenye haraka ya kusikika atapenda zaidi redio ya shule au podikasti. Ni sawa, ila zinategemea vifaa, na kinasa sauti kikiharibika klabu inakaa kusubiri fundi.

Hisabati, sayansi, programu

Hizi tatu huwekwa kapu moja na mwalimu mmoja, na wanafunzi wakajikuta kwenye klabu isiyojua inafanya nini. Zitenganishe, angalau kichwani mwako.

Hisabati inataka ubao na watu wanne wakaidi. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza Romania mwaka 1959, huwapa washiriki maswali matatu kwa saa nne na nusu, siku mbili mfululizo, na maswali ya miaka yote yanapatikana bure kwenye intaneti. Huna haja ya kulenga kufika huko. Chukueni swali moja kwa wiki, mgombane nalo. Wengi hawatapenda, na klabu hii haipaswi kuwabembeleza.

Sayansi kwa maana ya kufanya jaribio lako mwenyewe ni kazi ya mtu mmoja hadi watatu kwa miezi mingi: swali, vipimo, daftari, vipimo tena. Wingi wa watu hausaidii. Kinachosaidia ni ufunguo wa maabara, na mwalimu aliye tayari kubaki hapo saa za jioni. Bila hivyo viwili klabu inageuka kuwa darasa la marudio.

Programu inabanwa na idadi ya kompyuta, siyo ya watu. Kompyuta tatu zinahudumia sita vizuri kabisa, wawili kwa mashine moja, mmoja akiandika na mwenzake akisoma na kukosoa, kisha wanabadilishana. Wanaoanza wana Scratch, lugha ya programu ya kupanga vipande kwenye skrini, ya bure, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Waliokwisha kuonja wahamie Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno. Roboti ni habari tofauti. Inapendeza kwenye picha, lakini vifaa vyake ni ghali, na kabla ya kujiunga uliza nani hulipia kipande kikivunjika. Katika hizi, programu ndiyo inayoweza kuendelea bila mlezi, kwa sababu mafunzo yake yamejaa mtandaoni na kompyuta yenyewe hukuambia umekosea.

Skauti, huduma, mazingira na Tuzo

Uskauti ulianza na kundi dogo. Kambi ya majaribio ya Robert Baden-Powell katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907 ilikuwa na wavulana takriban 20 waliogawanywa katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake kijana. Chama cha wasichana kilifuata mwaka 1910. Mpangilio huo wa vikundi vidogo unaikaa vizuri shule ndogo, lakini skauti wanataka kiongozi mtu mzima aliyefunzwa, sare, na usiku wa kulala nje. Mlezi wa jina tu hafai hapa, maana ni suala la usalama wa watoto.

Interact ni klabu ya Rotary, chama cha kimataifa cha huduma kwa jamii, kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, iliyoanza mwaka 1962. Kila mwaka klabu inafanya angalau miradi miwili ya huduma, mmoja ukiwa wa kukuza maelewano kati ya mataifa. Nguvu yake ni kuwa na klabu ya watu wazima inayoidhamini. Isipokuwepo karibu, hakuna Interact.

Klabu ya mazingira haihitaji idhini ya mtu wa mbali. Roots & Shoots ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, ambayo leo iko katika nchi nyingi, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991 kwa wanafunzi 12. Ukitaka kujua kama ya shuleni kwenu iko hai, uliza swali moja: nani humwagilia miche wakati wa likizo? Ikiwa hakuna jibu, ni klabu ya siku moja ya kupiga picha na majembe.

Na kuna Tuzo ya Duke of Edinburgh, iliyoanzishwa mwaka 1956, ambayo nje ya Uingereza inajulikana kwa majina tofauti kufuatana na nchi. Hii nadhani haithaminiwi inavyostahili katika shule ndogo. Ni ya vijana wa miaka 14 hadi 24, ina ngazi tatu, na ya shaba inachukua angalau miezi 6. Kijana anafanya huduma, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari ya kiuchunguzi. Safari ndiyo pekee inayotaka kikundi, watu wanne hadi saba. Mengine ni ya mtu binafsi, takriban saa moja kwa wiki kwa kila eneo. Utamu wake ni kwamba unachofanya kwingine kinahesabika: kwaya ni ujuzi, mpira wa kikapu ni mazoezi. Haigombanii watu na klabu nyingine, inapanda juu ya mgongo wao. Inachodai ni kuandika kumbukumbu kila wiki, na hapo ndipo wengi huanguka.

Serikali ya wanafunzi sitaichambua sana. Katika shule ndogo unachaguliwa kwa kuwa unajulikana, na unalaumiwa kwa sababu hiyohiyo. Igombee ikiwa una jambo moja unalotaka libadilike na unaweza kulitaja kwa sentensi moja. Vinginevyo gazeti litakupa nguvu zaidi bila kukupa cheo.

Ngapi, na zipi pamoja

Mbili. Moja inayokuhitaji kila wiki, na moja inayovumilia ukikosa.

Najua shinikizo la kujaza orodha liko. Fomu ya Common Application, inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, ina nafasi ya shughuli 10, na kuna wanafunzi wanaoichukulia kama amri. Mwanafunzi wa shule ndogo anaweza kuzijaza zote kwa urahisi wa hatari, kwa sababu kila klabu itampokea na nusu yake zitampa cheo. Mweka hazina wa klabu sita hajui fedha za hata moja.

Gazeti na sataranji huenda pamoja bila ugomvi. Mdahalo na kwaya pia, kama hazikutani siku moja. Programu na riadha zinampumzisha mtu, moja kiti na nyingine miguu. Maigizo na Umoja wa Mataifa wa kuigiza usizishike pamoja ikiwa onyesho na kongamano viko muhula mmoja. Zote mbili zinataka wiki zilezile za mwisho. Mpira wa miguu na maigizo ni mchanganyiko wa kuwaudhi kocha na mwelekezaji kwa zamu.

Ukitaka kuanzisha klabu mpya, tazama kwanza utawatoa wapi watu wake. Kama wanane unaowahesabu ndio haohao wanaoshikilia mdahalo, unaua moja ili uzae nyingine. Pengine ndivyo inavyotakiwa, maana kuna klabu zilizokwisha kufa zamani na hakuna aliyethubutu kuzizika, lakini zungumza na wahusika kabla hujabandika tangazo.

Aliye mwaka wa mwisho asitafute cheo kipya. Achukue mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili, amkabidhi daftari la klabu, namba za simu za shule mnazoshindana nazo, na ufunguo wa kabati, kisha muhula unaofuata aende kama mwanachama wa kawaida tu, akae nyuma, aone kama mkutano unaanza bila yeye.